Akiba haiozi, lakini akiba ya chakula huoza

MWEZI Machi mwaka 2020, serikali ya Uganda ilipofunga mipaka na kusimamisha usafiri wa umma ili kuzuia ugonjwa wa Korona, wakazi wa Kampala walikimbilia madukani. Bei ya chumvi ilipanda ghafla. Wenye magari walipakia magunia ya mchele, sukari na madumu ya mafuta ya kupikia. Wale wanaoishi kwa kibarua cha siku walirudi nyumbani na kilo mbili za unga wa posho, kwa sababu fedha walizokuwa nazo ziliishia hapo.

Siku chache baadaye wachuuzi wa vyakula waliagizwa kulala sokoni badala ya kurudi makwao kila jioni. Mwezi Aprili serikali ikaanza kuwagawia chakula watu wa Kampala na Wakiso ambao kipato chao kilikuwa kimekatika. Kila mtu alipewa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharagwe, pamoja na chumvi.

Mtaani kwetu niliyaona yote mawili, uhaba na ziada. Kulikuwa na nyumba ambazo sufuria ilipanda jikoni mara moja tu kwa siku. Na kulikuwa na jirani aliyenunua magunia matatu ya unga katika wiki ya kwanza, akayapanga juu ya sakafu ya saruji nyuma ya mlango. Ilipofika Julai, unga ule ulikuwa na wadudu, unanuka uchachu, na sehemu ya chini ya magunia imeshikana kama tofali. Ulimwagwa wote, huku watoto wa nyumba ya tatu wakilala na uji mwepesi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Maneno hayo ni kweli kwa fedha, na ni kweli kwa wema. Lakini akiba ya chakula huoza, na wakati mwingine huua. Ndiyo maana mtu akiniambia amejiandaa kwa siku ya shida, huwa namuuliza mambo mawili kabla ya kuuliza idadi ya magunia: je, chakula hicho kimekauka? Na je, kinaliwa na kujazwa upya?

Ghala la mababu

Kujiwekea chakula si jambo geni kwetu. Waganda waliliita ghala ekyagi, Waacholi dero, na Wateso edula. Lilifumwa kwa fito, likakandikwa udongo au samadi, likainuliwa juu ya mawe au miguu ya miti ili unyevu wa ardhi usilifikie. Paa lake la nyasi liliweza kufunuliwa.

Ndani yake mliwekwa ulezi na mtama. Punje ya ulezi ni ndogo na ngumu, wadudu hupata taabu kuitoboa, na ulezi uliokaushwa vizuri huweza kukaa miaka kadhaa bila kuharibika. Mahindi ni kitu kingine. Punje yake ni kubwa, moyo wake ni laini na una mafuta, na huvunwa yakiwa na maji mengi. Familia nyingi leo zinahifadhi mahindi kwa kufuata desturi iliyotengenezwa kwa ajili ya ulezi, kisha zinashangaa kuona vumbi baada ya miezi mitatu.

Wakati wa ukoloni, wakulima wa Uganda na wa Tanganyika walilazimishwa kupanda mihogo kama kinga ya njaa, kwa sababu muhogo unaweza kukaa ardhini muda mrefu ukisubiri kuchimbwa. Huko Teso watu hukata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juani hadi vikauke kabisa. Hivyo ndivyo wanavyoviita amukeke. Vikipondwa kabla ya kuanikwa huitwa inginyo. Mama yangu mdogo aliyeolewa Soroti hunitumia amukeke kila msimu, na hadi leo sijaona akiba rahisi kuliko hiyo. Haihitaji dawa, hupikwa kwa mchuzi wa karanga, na mtoto haikatai.

Hata hivyo, kila ghala lina adui yake. Vita vya kaskazini vilipowapeleka zaidi ya watu milioni 1.5 katika kambi za wakimbizi wa ndani, maghala yalibaki mashambani bila wenyewe, na watoto wengi wakakua wakijua kwamba chakula huja na lori. Mwaka 2007 mafuriko makubwa yaliikumba Teso. Mihogo na viazi, ambavyo kila mtu aliamini viko salama ardhini, vilioza kwa maji. Nyumba iliyokuwa na amukeke kavu mahali pa juu ilikuwa na cha kupika. Nyumba iliyotegemea shamba peke yake haikuwa nacho. Fundisho ni kwamba akiba yote isikae mahali pamoja, wala isiwe ya aina moja.

Sumu isiyo na harufu

Watu wengi wanaogopa panya na fukusi kwa sababu wanawaona. Ninayemwogopa mimi ni kuvu.

Kati ya Januari na Julai mwaka 2004, wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, zilikumbwa na ugonjwa wa ajabu. Watu walitapika, macho yakageuka manjano, tumbo likajaa maji, ini likashindwa kufanya kazi. Wagonjwa walioripotiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi yenye sumukuvu, ile ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus, anayeota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu na joto.

Jambo linaloumiza katika habari ile ni namna sumu ilivyoingia. Mahindi yalivunwa wakati wa mvua zisizotarajiwa, yakawekwa kabla ya kukauka. Wengine waliyaweka ndani ya nyumba wanamolala badala ya ghala la nje. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba waliohifadhi mahindi yao ndani ya nyumba walikuwa katika hatari kubwa zaidi kuliko waliotumia ghala la nje lenye kupitisha hewa. Kwa maneno mengine, watu wale walifanya kile ambacho sote tungeshauriwa kufanya wakati wa shida: waliweka akiba na kuilinda. Akiba hiyo ndiyo iliyowaua.

Mwaka 2016 janga kama hilo lilitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, na karibu watu 20 walipoteza maisha. Mwezi Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku kadhaa uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo ya sumukuvu, kabla ya kuuruhusu tena kwa masharti. Wakulima wetu waliokuwa na malori mpakani wanajua uchungu wa wiki ile.

Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Haina harufu ya kuitambulisha, na mara nyingi haionekani kwa macho. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka hafi leo, lakini hatari yake ya kupata saratani ya ini huongezeka, zaidi ikiwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumu hiyo kwa kila kilo ya mahindi.

Kupepeta na kuchambua husaidia: toa punje zilizopasuka, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Kukoboa kabla ya kusaga nako hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Punje mbovu ulizozitoa usiwape kuku wala ng'ombe wa maziwa, na usizipeleke kwa mpika pombe, kwa maana sumu hiyo itarudi mezani kwa njia nyingine. Karanga ziwe za kuchambuliwa pia. Nyumbani kwangu hatununui karanga zilizokwisha kusagwa, kwa kuwa kilichosagwa hakichambuliki.

Jua, turubai na chumvi

Mahindi yakitoka shambani mara nyingi huwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 20. Yanayofaa kuhifadhiwa yasizidi asilimia 13.5. Safari ya kutoka hapo hadi hapo ndiyo kazi yote, na kifaa chake kikuu ni turubai. Mahindi yaliyomwagwa juu ya udongo au kando ya barabara hunyonya unyevu wa ardhi kila jioni na kuokota vimelea vya kuvu. Tandaza tabaka jembamba, geuza mara kadhaa kwa siku, na uyaingize ndani kabla ya umande.

Utajuaje kwamba yamekauka? Mashine za kupimia unyevu zipo, lakini si kila nyumba inayo. Kipo kipimo cha chupa na chumvi ambacho kila mtu anaweza kukifanya. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, iwe kavu kabisa. Tia mahindi hadi kama theluthi, ongeza kijiko kimoja au viwili vya chumvi iliyokaushwa motoni, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, na mahindi hayo hayafai kuwekwa. Chumvi ikianguka chini bila kushika, umekaribia. Anika tena siku moja au mbili uwe na uhakika.

Kipimo hiki kinamhusu mnunuzi wa mjini kama kinavyomhusu mkulima. Piga hesabu mwenyewe. Mahindi ya kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 20, yakikaushwa hadi asilimia 13.5, hubaki karibu kilo 92 na nusu. Anayeuza mabichi anauza kilo saba na nusu za maji kwa bei ya mahindi. Kwa hiyo muuzaji hana sababu ya kuyaanika isipokuwa mnunuzi amlazimishe. Niliwahi kwenda sokoni na chupa yangu. Muuzaji alicheka, lakini alipoona kioo kizima kimeganda chumvi, akataka kunipunguzia bei. Nilimshukuru nikaenda kwa mwenzake aliyekuwa na mahindi makavu, ingawa yalikuwa ghali zaidi.

Wadudu na dawa zao

Baada ya kuvu, adui wa pili ni mdudu. Fukusi tunamjua tangu zamani. Aliye mkali zaidi ni dumuzi, ambaye wengine humwita skania. Asili yake ni Amerika ya Kati. Aligunduliwa Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akavuka mipaka yote ya eneo letu. Huyu hugeuza gunia kuwa unga mwepesi usiofaa hata kwa mifugo.

Njia ninayoiamini ni mifuko isiyopitisha hewa. Inayojulikana zaidi ni ile ya PICS, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani ulioanzia kwenye kunde huko Cameroon miaka ya 1980. Ina matabaka matatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, na gunia la kawaida nje. Kila tabaka hufungwa peke yake kwa kukazwa. Wadudu waliomo humaliza hewa, hushindwa kula, na hufa. Hakuna dawa inayotiwa. Lakini mfuko huo haukaushi chochote. Ukiufungia mahindi yenye unyevu, umeyafungia pamoja na kuvu. Aidha, panya akitoboa au bua likichoma plastiki, kinga imekwisha. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kwa maharagwe kuna njia rahisi zaidi. Yakiwa ndani ya debe au ndoo iliyofungwa na kuacha nafasi kidogo, yazungushe asubuhi na jioni. Kiluwiluwi cha mdudu wa maharagwe huhitaji muda kutoboa tundu la kuingilia, na kila ukilizungusha debe unamwondoa mahali alipoanzia. Hufa kwa uchovu na njaa.

Kuhusu dawa za unga, fuata kipimo kilichoandikwa, nunua kwenye duka linalotambulika, na usiweke dawa ya shambani kwenye chakula. Vile vidonge vya kufukizia nafaka ni vya kuogopwa zaidi. Vinapogusana na unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua wadudu, na gesi hiyo hiyo huua watu. Zimekuwapo familia zilizolala chumba kimoja na magunia yaliyofukizwa na hazikuamka. Kazi hiyo ni ya maghala makubwa na wataalamu wake. Haina nafasi katika nyumba ya vyumba viwili.

Hesabu ya nyumba ya mjini

Najua msomaji wa Kawempe au Nakawa atasema hana shamba wala ghala, ana chumba na sebule. Basi tuhesabu kwa ajili yake.

Mashirika ya misaada hupanga chakula cha dharura kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Unafikia hapo kwa gramu 400 za unga wa mahindi, gramu 100 za maharagwe, gramu 30 za mafuta na gramu 15 za sukari, pamoja na gramu 5 za chumvi. Familia ya watu sita kwa wiki mbili itahitaji unga kilo 34, maharagwe kilo 8 na nusu, mafuta lita zisizozidi 3, sukari kilo moja na robo, na chumvi pakiti ya nusu kilo. Vyote hivyo vinaenea kwenye ndoo tatu kubwa zenye vifuniko na kona moja chini ya meza.

Hakuna haja ya kuvinunua kwa siku moja. Anayeongeza kilo mbili za unga au mahindi juu ya ununuzi wake wa kila wiki atafikisha kiasi hicho kwa miezi minne. Anayeweza kusubiri mavuno, bei inapokuwa chini, anunue wakati huo, si siku redio inapotangaza kufungwa kwa barabara.

Unga haukai kama nafaka. Ukisaga mahindi pamoja na kiini chake, mafuta yake huanza kuharibika baada ya wiki chache. Uliokobolewa hudumu zaidi, lakini nao si wa mwaka. Mwenye nafasi ahifadhi punje na kusaga kidogo kidogo. Asiye na nafasi aandike tarehe kwenye kila pakiti, apike ya zamani kwanza, na anunue mpya kuziba pengo. Akiba namna hiyo hailali. Jirani yangu wa magunia matatu aliiacha yake ilale, akiisubiri siku mbaya zaidi, na wadudu hawakuisubiri naye.

Maharagwe nayo, yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu, huwa magumu na hula mkaa mwingi. Hapo ndipo watu wengi husahau. Mwezi Januari 2008, vurugu zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilipokata barabara na reli ya kutoka Mombasa, kilichokosekana Kampala, Kigali na Bujumbura kilikuwa mafuta ya magari. Mafuta yakikosekana, mkaa haufiki mjini. Kwa hiyo weka gunia la mkaa au mtungi wa pili wa gesi, na uloweke maharagwe usiku kucha ili yaive upesi. Maji nayo: lita tatu za kunywa kwa kila mtu kwa siku, kwa familia ya watu sita, ni madumu matatu ya lita 20 kwa siku tatu. Yabadilishe mara kwa mara.

Wapo watakaosema kujiwekea chakula ni uchoyo wakati wengine wana njaa. Nakubali kwamba kukomba rafu za duka siku ya hofu ni uchoyo, kwa sababu bei inayopanda siku hiyo humwumiza mwenye kilo mbili. Lakini nyumba iliyojiandaa mapema haiendi kupigania foleni, na ina kikombe cha kumpa jirani. Mwaka 2020, chakula cha kwanza kufika katika nyumba nyingi za mtaa wetu kilipitia dirisha la jirani kabla ya lori la serikali kuonekana.

Msimu ujao wa mavuno, basi, kabla ya kununua gunia, nunua turubai. Kabla ya kufunga mfuko, tikisa chupa ya chumvi. Na pale kijijini kwenu, ukienda na chupa hiyo, waonyeshe wazee na vijana namna inavyofanya kazi. Ni kazi ya dakika 15.